Koti la Jumatatu

Kazi yangu msibani ni kuchekesha, na nilikuwa hodari. Sisi watu wa Soko, ukoo wa nyani, ni watani wa ukoo wa Moyo tangu enzi za mababu. Akifa mtu wa Moyo, ni sisi tunaoshuka kaburini kwanza kulipima kama litamtosha. Ni sisi tunaowakemea wafiwa wakizidisha kilio. Na ni mtu wa Soko anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza mbele ya watu: alivyotembea, alivyopiga chafya, alivyomtazama mkewe akiwa na njaa. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka, na marehemu anaondoka akijua alipendwa. Tena mtani hakasirikiwi. Anaweza kusema lolote kwa yeyote, na aliyeambiwa hana ruhusa ya kununa.

Hilo la mwisho ndilo lililoniponza mimi, Ratidzai.

Nilikuwa nauza chai na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye geti la kiwanda cha nguo, pale mjini kwetu. Wote waliotoka na kuingia niliwajua kwa majina na kwa tabia. Taguma wa ukoo wa Moyo alifanya kazi chumba cha kuchambulia pamba, mahali marobota kutoka mashamba ya Gokwe na Sanyati yanapofunguliwa na mashine zenye meno zinapoichana pamba mpaka ilainike. Miaka kumi na mitatu alisafisha meno ya mashine zile. Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole kupita kiasi. Hanywi, havuti sigara, kosa lake pekee ni kwamba aliniacha mimi nishinde kila ubishi.

Watu wa chumba kile walikuwa na ugonjwa wao wa Jumatatu. Asubuhi waliingia wazima wakitaniana. Mchana walitoka wameshika vifua, pumzi inapiga mluzi, wengine wanatetemeka kama wana homa. Jumanne afadhali. Jumatano wanacheka. Ijumaa utadhani si wao. Walipoulizwa walisema ni pombe ya Jumapili, nasi tukacheka, maana kweli walikuwa wanywaji. Anayeumwa kwa pombe hafukuzwi kazi, anaonywa tu. Anayeumwa kifua anarudishwa kijijini.

Sasa Taguma hakunywa. Yeye hakuwa na pa kujificha.

"Moyo," nilimwambia Jumatatu moja, mbele ya foleni nzima ya chai, "wenzako jana walilewa. Wewe una nini?"

"Kifua tu, Soko. Kinabana."

"Watu wa Moyo mnajivunia moyo, kumbe mapafu hamkupewa! Kinabana kila siku?"

"Jumatatu. Jumanne kinalegea. Ijumaa naweza hata kukimbizana na wewe."

"Ukimbizane na nyani, utaweza wapi? Hebu sikiliza nikufanyie hesabu. Wiki nzima unakula viazi vyangu, unapona. Jumamosi na Jumapili unakula kwa mkeo, Jumatatu unakufa. Hivi Muchaneta anatia nini kwenye mboga?"

Foleni ililipuka. Mtu mmoja alimwaga chai. Taguma naye alicheka, mpaka akashindwa kuvuta pumzi akaegemea ukuta. Tangu siku ile ugonjwa ule ukapata jina. Kila aliyebanwa kifua alisema ana Jumatatu ya Muchaneta. Hata wanaume ambao hawakuwahi kumwona mwanamke huyo walilitaja jina lake kila wiki, kama dawa au kama tusi.

Muchaneta mwenyewe alitoka mbali, upande wa Buhera, hakuwa na ndugu pale mjini. Alikuwa mkimya. Alipolisikia jina lile alinitazama, akatabasamu kama anavyopaswa kutabasamu mtu akitaniwa na mtani. Nami nikaridhika. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini usaha una siri, hauonekani mpaka jipu liive.

Mwaka wa mwisho Taguma alianza kuja kwangu Jumapili mchana. Alikaa kwenye kigoda changu, akala sadza, ugali wetu, na mboga za karanga nilizopika. Nilijivuna sana. Nilimwambia Muchaneta sokoni, "Mume wako anajua pa kula." Akatabasamu tena.

Mwaka huo mvua haikujua kuondoka. Ilinyesha mpaka pamba ilipokwisha kupasuka shambani, ikailowesha mtini, na wakulima wakaivuna hivyo hivyo. Marobota yalifika na madoa meusi. Taguma aliniambia kwamba wakiyafungua yanatoa harufu ya matambara mabichi yaliyosahauliwa kwenye ndoo. Jumatatu zikawa nzito zaidi. Tena zikaanza kuingia Jumanne, na Jumatano.

Mwezi wa nane walifanya kazi hata Jumamosi, kisha kiwanda kikafungwa mashine zitengenezwe. Taguma akakaa nyumbani siku nane. Jumatatu ya kurudi aliingia getini akitembea vizuri, akanipungia mkono. Saa kumi alitoka amebebwa na wenzake wawili. Midomo ilikuwa na rangi ya jivu. Nilimpa chai, ikamwagikia kidevuni. Alikuwa akijipapasa kifuani, akivuta kitu ambacho sisi hatukukiona, kama mtu anayemng'oa mwingine aliyemkalia.

"Soko," alisema, "niondolee."

"Nikuondolee nani, Moyo?"

Alifia ndani ya gari kabla ya kufika hospitali. Neno lile limebaki nami, na sijawahi kulifanyia mzaha.

Tulimzika kwao kijijini. Wenzake wa kiwandani walileta koti lake la kazi ndani ya mfuko wa plastiki, koti zito la buluu lenye bitana, limeota manyoya ya pamba hadi kwenye kola. Ukoo wa Moyo hawafui nguo za marehemu mpaka karibu na siku ya kuzigawa kwa ndugu. Basi nikalivaa lilivyo.

Nilimwigiza kuliko nilivyowahi kumwigiza mtu yeyote. Nilijifanya natoka getini kama yeye, nikakung'uta mikono ya koti, pa, pa, pa, vumbi likaruka kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa. Nikaegemea ukuta wa jiko kwa kiganja. Nikavuta pumzi kwa ule mluzi wake mwembamba. Watu walianguka kwa kicheko. Mama wa Taguma, bibi tuliyemwita Mbuya Keresiya, alijifuta macho kwa ncha ya kanga yake akisema, "Ndiye, ndiye hasa." Kundai, mtoto wa Taguma wa miaka minne, alinikimbilia akanishika mguu akiita baba. Hapo hakuna aliyecheka.

Jioni jua likiwa bado juu, tukinawa mikono tule, kifua changu kikafunga. Si kikohozi, si mafua. Ni kama mtu amekaa juu ya mbavu zangu, ametulia, hana haraka. Nikatetemeka mwili mzima. Wanawake wakanifunika mablanketi, wakatazamana.

"Umemwigiza mno," Mbuya Keresiya aliniambia. "Amekuingia. Kaa na koti lake mpaka siku ya kugawa. Usilifue."

Asubuhi nilikuwa mzima. Nikiwa nimelala bado nilisikia wanaume nje wakizungumza. Mkubwa wao alikuwa Zvenyika, kaka yake Taguma, mkulima wa mahindi, mtu wa haki lakini mwenye kichwa cha jiwe. Alikuwa akiwauliza watu wa kiwandani ndugu yake aliumwa nini. Mmoja wao, kijana asiye na hila yoyote, akajibu:

"Sisi tulikuwa tunaita Jumatatu ya Muchaneta."

"Kwa nini Muchaneta?"

"Kwa sababu akiwa kazini anapona. Akikaa na mkewe siku mbili, anarudi anakufa."

Kisha nikasikia sauti ya Zvenyika, taratibu: "Na safari hii alikaa naye siku nane."

Nilitoka mbio na blanketi mabegani. "Jamani, ule ni utani wangu! Mimi ndiye niliyeusema, getini, nikiuza chai!"

"Najua ni wako, Soko," alisema Zvenyika. Hakuwa na hasira nami hata kidogo. "Mtani husema kwa kicheko kile wengine wanachoogopa kusema. Ndiyo kazi yenu tangu mababu. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Wewe ulimwona. Tatizo hatukukusikiliza."

Ikakatwa hivyo. Baada ya wiki saba, siku ya kugawa nguo, Muchaneta angerudishwa kwao Buhera. Mjumbe angetangulia kuwaambia ndugu zake kwamba wanarudishiwa mchawi aliyemla mumewe. Kundai angebaki kwa ukoo wa Moyo. Mwanamke anayerudishwa na jina hilo hapokelewi hata na mama yake. Muchaneta alielezwa akiwa ameketi chini na kitambaa cheusi kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea kwa neno moja, na hilo nalo wakalihesabu kuwa ni ushahidi.

Nililitundika koti nyuma ya mlango wangu, kwenye msumari. Mabega yake yalikuwa yamekwisha kuchukua umbo la Taguma, moja chini kuliko lingine. Nikifunga mlango, yuko. Nikiufungua, anajificha. Baada ya siku sita nikashindwa. Nilitaka kumuuliza. Nilitaka aniambie, je, ni yule mwanamke? Nikalivaa asubuhi, nikaingiza mikono mifukoni ambamo pamba ilikuwa imejaa kama kiota, nikalikung'uta kama alivyokuwa akilikung'uta yeye, nikasubiri.

Alikuja mchana. Alikaa pale pale juu ya mbavu. Nitasema ukweli: nilifurahi. Nililia kwa furaha huku pumzi inapiga mluzi, nikamwambia, "Karibu, Moyo."

Kesho yake nikalivaa tena. Uzito ukapungua. Siku ya tatu ukapungua zaidi. Siku ya nne hakuja kabisa, nikachukia, nikamtukana matusi yetu yote ya utani, nikamwambia hata kaburini ni mvivu. Kisha dada yangu akajifungua, nikaenda kwake nikakaa siku tatu bila koti. Nilirudi Alhamisi. Nikalivaa nikiamini ameniacha, na mchana ule nilipiga magoti kwenye sakafu ya chumba changu nikitafuta hewa kama samaki aliyetupwa mchangani.

Nikiwa pale sakafuni akili ikanijia. Jumatatu. Hii ni Jumatatu ya Taguma, hatua kwa hatua, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na leo ni Alhamisi. Muchaneta hajanipikia. Hajagusa hata kikombe changu. Nilikuwa nimetengeneza Jumatatu siku ya Alhamisi, kwa koti tu.

Nilirudia ili nisijidanganye. Siku tatu bila koti, kisha koti: kifua kikafunga. Siku nne mfululizo na koti: kikalegea. Mzimu gani unaofuata hesabu hivyo?

Nililichukua koti nikamwendea Sista Gwenzi, muuguzi wa zahanati ya kiwanda, aliyekuwa akinunua viazi vyangu kila Jumatano na kulalamika kwamba ni vidogo. Alinisikiliza, akasimama, akafunga mlango kwa ufunguo. Akanipa bomba fupi lenye namba na mshale ubavuni nipulize kwa nguvu zangu zote. Akaandika. Akaniambia nilikung'ute koti pale uani, nivute hewa kama kawaida, nirudi baada ya muda wa saa nne. Niliporudi nikapuliza tena, mshale ukaishia chini sana ya pale ulipofika asubuhi.

"Si mtu aliyekukalia, Mai," alisema, akiniita mama kwa lugha yetu. "Ni vumbi. Tena si vumbi lenyewe. Pamba ikinyeshewa, inaota vijidudu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Pamba ikikauka vinakufa. Lakini miili yao ikipasuka inaacha sumu ndani ya vumbi, na sumu hiyo haiozi. Ukiivuta, njia za hewa zinavimba na kujikaza."

"Mbona Ijumaa alikuwa anapona?"

"Hakuwa anapona. Alikuwa anazoea. Mwili ukilishwa sumu kila siku unachoka kupiga kelele. Ukiupumzisha siku mbili unasahau kwamba uliizoea. Jumatatu unaipokea kama mgeni, unapiga kelele upya. Lakini huko ndani kunaharibika kila siku, Ijumaa na Jumatatu sawasawa."

"Na akipumzika siku nane?"

Sista Gwenzi alifungua droo akanionyesha daftari, kurasa kwa kurasa, majina ya watu wa chumba kile na namba zao za Jumatatu. Jina la Taguma lilikuwemo. Namba zake zilikuwa zikishuka mwaka hadi mwaka.

"Niliwapelekea wakubwa," alisema. "Nikaambiwa kazi yangu ni kufunga vidonda."

"Twende kijijini ukawaambie Wamoyo."

"Nikionekana huko na daftari hili, Jumatatu inayofuata sina kazi, na hawa waliobaki hawatakuwa na mtu hata wa kuwaandika." Alinishika mkono. "Lifue koti hilo, Mai. Au lizike. Kifua chako kimekwisha kuwa chepesi kukasirika. Ukiendelea, hata moshi wa jiko utakifunga."

Sikulifua. Nilililaza ndani ya mfuko wake wa plastiki, nikaufunga kwa kamba, nikahesabu siku kumi na mbili mpaka siku ya kugawa nguo. Nilitaka kifua changu kisahau vizuri.

Siku hiyo niliondoka nyumbani alfajiri bila kula. Zvenyika mwenyewe alinipokea barabarani na mkokoteni. Uani walikuwa wametandika mkeka, na juu yake maisha ya Taguma yamepangwa: suruali tatu, viatu vya kanisani, kofia, mkanda. Muchaneta aliketi pembeni kabisa. Kifurushi chake kilikuwa kimefungwa tayari. Kundai alikuwa amepakatwa na Mbuya Keresiya, ananyoosha mikono kwa mama yake, na kila akiinyoosha bibi anaikunja kwa upole.

Nikasimama. Nikasema yote. Nikasema utani ule niliutunga mwenyewe ili niuze chai, sikuona chochote, sikujua chochote. Nikaeleza mvua, na pamba, na vijidudu vinavyokufa na kuacha sumu.

Walianza kucheka nilipofika kwenye vijidudu.

"Nyani amesoma!" alisema shangazi mmoja.

"Wadudu wafu wanauma!" alisema mwingine. "Na walio hai je, wanapika?"

"Nisikilizeni! Sifanyi mzaha!" Hapo ndipo walipocheka zaidi, maana kila mtani husema hivyo kabla ya kutoa mzaha wake mkubwa. Hata Zvenyika, mtu wa kichwa cha jiwe, alikuwa akipangusa macho. Miaka thelathini nimesema uongo wa kuchekesha wakaubeba kama kweli. Siku niliyosema kweli wakaangua kicheko. Nilimwangalia Muchaneta. Yeye tu hakucheka, na hakunitazama.

Basi nikaufungua mfuko.

"Moyo mkubwa," nilimwambia Zvenyika, "ulinipokea barabarani. Umeniona nikila?"

"Sijakuona, Soko. Una njaa?"

"Nimepokea hata maji kwa huyu mwanamke?"

"Hapana. Hajakukaribia."

"Wote mmesikia?"

"Tumesikia!" walijibu, wakijua kichekesho kinakuja. Nikalivaa koti. Vigelegele vikapigwa. Nikalikung'uta, pa, pa, pa. Nikaingiza uso ndani ya bitana nikavuta, mara moja, mara mbili, mpaka nyuzi zikaninata midomoni. Nikamwigiza kidogo ili wasichoke, kisha nikaketi katikati ya mkeka.

"Sasa gawaneni," nikasema. "Mimi nangoja zamu yangu."

Waligawa suruali. Waligawa mkanda. Kabla hawajafika kwenye viatu kifua changu kilianza kukumbuka. Mluzi ukatoka. Mtu akasema, "Kaanza tena huyo," wakacheka. Nikajaribu kuwaambia sasa ndiyo kweli, sauti ikakatika. Wakacheka. Jua lilisogea. Niliegemeza viganja vyangu chini, mabega yakapanda hadi masikioni, na nikagundua kwamba nimekaa kama yeye alivyokuwa akikaa, bila kukusudia. Nikajipapasa kifuani nimng'oe aliyenikalia. Wakacheka, wakapiga makofi, wakasema hakuna anayemjua Taguma kama mimi. Nilikuwa nakufa katikati ya ukoo mzima, na wananishangilia.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile. Nilimwelewa Taguma siku ile: unaomba kuondolewa kitu, na kila mtu anatafuta ni nani.

Kofia ilipokuwa inapita mikononi, Mbuya Keresiya alimweka mtoto chini akasimama.

"Nyamazeni."

Alinijia taratibu kwa magoti yake mabovu. Akaweka sikio mgongoni kwangu, juu ya koti. Akasikiliza kwa muda mrefu. Uwanja mzima ukasikiliza naye, na mluzi ule ukasikika peke yake.

"Huyu haigizi," alisema. "Nilimlea mwanangu miaka ishirini na moja ndipo akaenda kiwandani. Akirudi likizo nililala chumba kimoja naye. Huu ni mlio wake. Angalieni midomo." Akaanza kunivua koti kwa nguvu, mkono mmoja, mkono wa pili. Zvenyika akakimbilia kumsaidia, akalikumbatia koti kifuani kwake. Mama yake akageuka.

"Kikulacho, Zvenyika," alisema. "Kiko wapi?"

Zvenyika alilitazama koti mikononi mwake. Akaliachia kama sufuria ya moto.

Sitawadanganya kwamba siku ile ukoo wa Moyo waliamini vijidudu. Wengi walisema ni Taguma mwenyewe aliyekuja kumtetea mkewe, akatumia mapafu ya mtani kwa kuwa mtani hakatai. Sawa. Walilimwagia koti maji, wakalizika miguuni pa kaburi lake, na kifurushi cha Muchaneta kikafunguliwa. Kundai alirudi mapajani mwa mama yake. Sista Gwenzi alikuwa ameniambia kweli: mpaka leo moshi wa kuni, baridi ya asubuhi, hata manukato ya bibi harusi, vyote vinanifunga kifua. Nikicheka sana, napiga mluzi. Ukoo wa Moyo wanapata mtani mwingine sasa. Mimi, Taguma hakuniondokea.

Lakini sijamaliza. Jioni ile, jua likielekea kuzama, nililazwa kwenye veranda ya Mbuya. Muchaneta akaja na kikombe cha uji. Ilikuwa mara ya kwanza kunipikia. Nikaona ni wakati wa kuomba msamaha, na mimi sijui kuomba ila kwa mlango wangu, mlango wa utani.

"Huu nao umeutia nini?" nikamwambia.

Alitabasamu lile tabasamu lake. Nikanywa. Ulikuwa uji mzuri, mwepesi, wenye chumvi kidogo. Nikamwambia, sasa bila mzaha, "Nisamehe, Muchaneta. Nilikuponza. Lakini angalau mumeo hakuujali ule upuuzi. Alicheka tu. Alikuwa akija kwangu Jumapili kula mboga za karanga, tunacheka wote."

"Taguma hakupenda karanga," alisema.

"Alimaliza sahani!"

"Zilikuwa zinamsumbua tumbo. Alikuwa akirudi anatapika nyuma ya nyumba, anadhani simsikii." Aliongea polepole, akimtengeneza Kundai nywele. "Alianza mwaka huu wa mwisho. Jumamosi anasema ameshiba. Jumapili anakuja kwako. Wiki ile ya mwisho, siku nane zile, alikula mahindi ya kuchoma ya barabarani, asubuhi mpaka jioni. Mimi napika, natenga, anakaa mbele ya sahani kwa heshima, anauliza habari za mtoto. Akitoka namwaga. Siku nane hakula kwangu hata tonge moja."

Nilikuwa nimeshika kikombe, sijui nikiweke wapi.

"Muchaneta! Hayo ungeyasema siku ya kwanza! Zvenyika alikuhukumu kwa chakula cha siku nane. Ungesema hakula, yote yangekwisha pale pale. Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema mbele ya mama yake kwamba mume wangu alikufa akiamini mimi ni mchawi?"

Mtoto alilalamika nywele zinauma. Akamwachia. Kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa adabu, akakipokea kikombe changu.

"Usijali, Soko," alisema. "Mtani hakasirikiwi."

Akaenda kukiosha.